Mboga za Mkuranga kwa chakula cha shule: tuanzie wapi?

Mzazi wa Temeke: Ndugu zangu, kamati ya shule yetu imechoshwa na makande ya kila siku na inataka kununua mchicha na viazi lishe (viazi vitamu vya rangi ya chungwa) moja kwa moja kwa wakulima wa Mkuranga. Tuanzie wapi?

Bwana Shamba: Anzeni na viazi lishe, kwa kuwa vina vitamini A kwa wingi na, tofauti na mchicha unaonyauka kabla ya adhuhuri, hukaa siku kadhaa bila jokofu. Kubalianeni bei ya muhula mzima na kikundi, si mkulima mmoja mmoja.

Mama Lishe: Ulizeni pia maji ya kumwagilia yanatoka wapi; mboga za kando ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, zimewahi kupimwa zikakutwa na madini ya risasi.

Mzazi wa Temeke: Shukrani. Na wakati wa likizo?

Bwana Shamba: Mzigo uende sokoni Mbagala, liandikeni hilo katika mkataba.