Miaka 10 ya elimu ya lazima: watoto wa Januari 2028 watakaa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, nivumilieni, hili jambo nimetembea nalo tangu Jumamosi.

Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi. Nina wawili waliofuatana, wa kiume na wa kike. Mwaka 2024 mkubwa alikuwa darasa la nne, mdogo la tatu. Mkubwa yuko kwenye utaratibu wa zamani, anamaliza la saba 2027. Mdogo ameangukia mtaala mpya, msingi wake unaishia la sita, mwaka huohuo 2027. Kwa hiyo Januari 2028 wote wawili wanaripoti kidato cha kwanza siku moja. Na si kwangu tu, ni Tanzania nzima: madarasa mawili ya watoto yanamwagwa sekondari kwa mpigo. Mama mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, watakaa wapi?" Akajibiwa kwamba maelekezo yatakuja. Tukahamia ajenda ya mchango wa chakula.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Nisieleweke vibaya. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, badala ya saba tuliyozoea. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Mimi niliishia la saba mwishoni mwa miaka ya tisini, sikuchaguliwa, na kata yetu haikuwa na sekondari. Nilizunguka miaka miwili bila kazi wala shule mpaka fundi mmoja aliponihurumia akaniingiza karakana. Leo na mimi napokea vijana. Wa la saba ukimwambia akate ubao wa futi 12 vipande vinne sawasawa, akumbuke na unene wa msumeno, anabaki kukutazama. Si mjinga, tumemtoa shule akili ndiyo kwanza inachanganya. Mtoto wa miaka 13 mnamwachia dunia afanye nini? Anaishia kuosha bodaboda za watu.

Kwa mabinti ni zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka binti wa miaka 15 aweze kuolewa mzazi akiridhia, na Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019 kifungu hicho kirekebishwe. Lakini tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema ukimuoa mwanafunzi, wa msingi au wa sekondari, ni kifungo cha miaka 30. Hiyo sare ni ngao. Kila mwaka anaoongezewa binti darasani ni mwaka ambao mshenga anaupita mlango wako bila kubisha hodi. Kwa hiyo yeyote atakayekuja hapa kusema napinga watoto kusoma, aanze kusoma upya kutoka juu.

Hasira yangu ni hii: miaka imeongezwa kwenye karatasi, huku chini sioni kinachoongezwa.

Mwezi wa pili niliitwa sekondari ya kata kutengeneza viti. Kidato cha kwanza walikuwa themanini na kitu chumba kimoja. Meza ya mtu mmoja wamebanana watatu, wa nyuma wanaandikia mapajani. Binti mmoja alinifuata na ubao wa kukalia mkononi, ameuandika jina lake kwa kalamu ya wino. Akaniomba nimrudishie kwenye fremu, lakini nisiupigilie sana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema jioni huwa anaung'oa anaondoka nao nyumbani, akiuacha kesho hataukuta. Mtoto anatembea na kiti chake! Hapo ni rika moja tu la watoto. 2028 inakuja mara mbili yake.

Halafu kuna umbali. Msingi iko hapa, sauti ya kengele inafika nyumbani. Sekondari ni kilomita tisa na mto katikati, masika unavimba. Mwanangu wa la sita atakuwa na miaka 12. Wa la saba walau ameongeza mwaka, ameongeza na mwili. Mmeufupisha msingi, mmemsogeza mtoto mdogo zaidi kwenye njia ndefu zaidi. Bweni ndilo jibu, na bweni hakuna.

Na lugha. Msingi anafundishwa kwa Kiswahili, sekondari karibu kila kitu Kiingereza. Zamani alivuka akiwa na miaka saba ya msingi, sasa anavuka na sita. Najua Kiingereza sasa kinaanza kufundishwa darasa la kwanza, lakini anayekifundisha huku kwetu ni mwalimu yuleyule aliyebeba masomo mengine matano.

Msiniambie "bila ada". Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu Januari 2016, nashukuru, sisemi uongo. Ila sare, madaftari, rimu, chakula, mlinzi na sasa meza na kiti ni vya nani? Mimi mwenyewe ni fundi, mbao nazijua bei, na bado sioni nitakavyowatoa wawili kwa Januari moja. Mwenye kulima ekari moja ya mahindi atafanyaje?

Haya mambo tulishayapitia. Azimio la Musoma mwaka 1974 liliamua kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Uamuzi mzuri kabisa. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa waliomaliza la saba wakafundishwa haraka haraka, na wananchi wakaigeuza UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Majirani zetu Kenya nao mwaka 1985 waliongeza darasa la nane, wazazi wakabebeshwa kujenga madarasa na karakana. Januari 2023 wakaleta sekondari ya chini, wakaiweka ndani ya viwanja vya shule za msingi. Angalau mtoto wao hakuvuka mto. Ila walimu waliajiriwa kama wanagenzi, na mwaka 2024 waligoma kudai ajira ya kudumu, watoto wakakaa bila masomo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba inawezekana. Mwishoni mwa 2021 fedha za UVIKO zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache tu. Kata yetu tulipata mawili, kenchi nilipiga kwa mkono wangu. Tulifanya kazi mpaka usiku kwa taa ya pikipiki kwa sababu tarehe ilikuwa imetajwa na kila kiongozi alikuwa anaiogopa. Mbona ya 2028 haiogopwi? Watoto hawa hawakuzuka. Wanahesabika, wako madarasani sasa hivi.

Naomba kila mwenye taarifa aandike ya kwake: kata yenu madarasa mapya yamechimbwa msingi? Mangapi? Walimu wa hesabu na fizikia wametajwa? Kwetu kiwanja kilichotengwa nimepita jana jioni, kimelimwa mahindi.