Tupeane uzoefu: ni motisha au ni ilhamu iliyokubadilisha kazini?

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Nimekaa katika idara ya utumishi kwa miaka kumi na mmoja, na jambo hili limenisumbua muda mrefu. Tukisema motisha, wengi wetu tunamaanisha kitu kinachotolewa: posho, cheti, fedha za mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Mimi mwenyewe niliwahi kupendekeza utaratibu wa namna hiyo, ambapo kila mtumishi alipata pointi kwa kila faili la mafao alilokamilisha, na mwenye pointi nyingi akazawadiwa mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza takwimu zilipanda nikapongezwa kikaoni. Mwezi wa tatu nilifungua kabati nikakuta mafaili ya mirathi yamerundikwa chini kabisa, kwa sababu faili la mirathi linataka barua za mahakama, viapo na vyeti vya watoto, na hakuna aliyekuwa tayari kupoteza wiki nzima kwa pointi moja. Wajane walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa utaratibu nilioubuni mimi, na hilo linaniuma hadi leo.

Kilichonibadilisha hakikuwa semina. Mzee wetu wa masjala alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kwa penseli jina la kila mteja na, mbele yake, kijistari kimoja kwa kila safari aliyokuja. Hakuagizwa na mtu. Siku moja nilimkuta akihesabu vijistari saba vya mama mmoja, kisha akainuka, akachukua faili lake na kulipeleka meza kwa meza hadi likasainiwa. Nilirudi mezani kwangu bila kuambiwa neno, na siku hiyo saa tisa na nusu ilinipita nikiwa bado nafungua mafaili ya chini ya kabati.

Hiyo ndiyo ninayoiita ilhamu. Motisha ilinisukuma nitazame kitakachokuja mwisho wa mwezi. Ilhamu ilinivuta kwa kuwa nilikuwa nimeona kazi yangu inavyoweza kufanywa. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mafumbo ya kupanga vipande, na wale waliowahi kulipwa kwa kuyafumbua walipungukiwa hamu ya kuyagusa kwa hiari yao malipo yaliposita. Nilipolisoma hilo nililikumbuka kabati langu. Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Mkunga, hospitali ya wilaya

Asante kwa mada, kaka. Mimi posho ndiyo iliyonifanya nikubali zamu za usiku, sioni haya kulisema. Siku hizo baadhi yetu tulijaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama na mapigo ya moyo wa mtoto, asubuhi kwa kukisia, ili mkaguzi aikute imejaa. Dada kiongozi wa zamu, yeye alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa kama inavyotakiwa, hata saa tisa usiku umeme ukiwa umekatika, sikio likiwa kwenye kifaa juu ya tumbo la mama na saa ya mkononi akiimulika kwa simu. Usiku mmoja mapigo yalianza kushuka. Akajua mapema, mama akapelekwa chumba cha upasuaji, mtoto akalia. Hakunisema. Alinipa tu ile karatasi nizitazame nukta zake, moja baada ya nyingine, jinsi zilivyokuwa zikiteremka. Tangu hapo sijakisia tena. Posho bado naipokea, na ikichelewa nafuatilia kama wengine, lakini siyo inayonishikisha kalamu.

Mwalimu wa sekondari

Naomba tuwe waangalifu. Mwaka mmoja tulikuwa tunadai malimbikizo na nauli za likizo, uongozi ukatuletea mhamasishaji aliyezungumza saa tatu nzima juu ya wito wa ualimu, huku mwenzetu mmoja akiwa amefika kwa miguu kwa kukosa hela ya bodaboda. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walieleza tangu 1959 kwamba mshahara, usimamizi na mazingira yakiwa mabaya humchukiza mtu kazini, ingawa yakiwa mazuri hayatoshi kumfanya aipende kazi. Wakubwa wetu wameshika nusu ya pili ya maneno hayo na kuiacha ya kwanza. Deni la mtumishi halilipwi kwa hotuba.

Afisa mauzo

Kwetu kamisheni ndiyo kila kitu, na nimesomesha watoto wawili kwa kamisheni. Ilhamu sijaipata bado. Nimekuja kusoma.

Mleta mada

Mwalimu, nimekuelewa, na naona uliyoyasema yanatangulia yangu. Pointi tulizifuta, na fedha zake zikawa nauli ya watumishi wanaofuatilia barua mahakamani, kwani hapo awali walikuwa wakijilipia. Mzee wa masjala amestaafu. Daftari lake analiandika sasa kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, naye hakuagizwa na mtu; tofauti ni kwamba yeye anatumia kalamu ya wino.