Mzee amegoma kuongea na mtaalamu wa tiba ya kuongea kwa video. Nihamie AI?

NyarMbale (mwenye uzi)
Wanakijiji, habari zenu. Naandika saa nane usiku, kwa hivyo mnisamehe nikichanganya mambo.

Mume wangu alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu. Ana miaka 54. Tunaishi Nyalenda, hapa Kisumu. Mkono wa kulia umeanza kurudi, anashika kikombe, msalani anaenda mwenyewe. Shida ni kuongea. Anaelewa kila kitu, hata habari za saa moja anakunja uso panapostahili, lakini mdomoni linatoka neno moja tu: kesho. Unataka chai? Kesho. Huyu mtoto anaitwa nani? Kesho. Akikasirika ni kesho kesho kesho mpaka machozi.

Fizio tunafanya hospitali ya Russia, hapa hapa Kisumu, kila Jumanne, hapo sina malalamiko. Wa kuongea ndiye hatukumpata karibu, tukaunganishwa na dada mmoja wa Nairobi anayemfundisha kwa video. Mara mbili kwa wiki, elfu mbili kila kipindi. Alianza vizuri. Kufikia mwezi wa sita alikuwa ameshapata "maji", "ndiyo", na nusu ya jina langu. Sasa hii ni wiki ya tatu amegoma. Nikiegemeza simu kwenye kreti ya soda, anageukia ukuta. Dada anaita "Mzee, mzee," yeye anatazama ukuta. Yale maneno matatu yamepotea, tumerudi kwa kesho.

Kuna programu ya AI, elfu tisa kwa mwaka mzima. Inaonyesha picha, mgonjwa anataja, inamsahihisha, na haichoki. Swali langu ni moja tu: kuna mtu imemsaidia mgonjwa wake? Niachane na video?

OchiengSpana
Kila swali anajibu kesho? Huyo apewe tiketi ya MCA, mwakilishi wa wadi, haraka. Pole mama, natania tu. Mungu si Athumani.

Kahuria_Nax
Pole sana mama. Niseme ya kwangu. Baba yangu yuko Bahati hapa Nakuru, ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Sauti ilikuwa imezama mpaka ukimpigia unadhani mtandao umekatika. Tukamwanzisha mazoezi yanaitwa LSVT LOUD, yote kwa video: siku nne kwa wiki, wiki nne mfululizo, vipindi 16. Kazi yenyewe ni moja, kupaza sauti. "Aaaaa" mpaka pumzi iishe, halafu unarudia. Jirani alikuja kuuliza kama kuna mtu anapigwa.

Tuliweka kwenye simu programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Mzee akaipenda kuliko sisi. Akaanza kushindana na jogoo, kweli kabisa, anaweka simu dirishani apime jogoo kwanza. Lakini siku moja namba ilipanda vizuri na mtaalamu kwenye video akasema simama, unakaza shingo, utaumiza koo. Simu ilikuwa imempa alama nzuri. Shingo ilionwa na mtu.

Kwa hivyo usidanganywe eti video si tiba. Chama cha wataalamu wa kuongea kule Marekani, ASHA, kiliikubali tiba ya mbali tangu 2005, na corona ikaifanya jambo la kawaida. Baba sasa anagombana na watu wa maziwa kwa simu.

NyarMbale
Asante ndugu, lakini wa kwangu si Parkinson.

MzeeWaMila
Mtu mzima kunyamazishwa ulimi ghafla si jambo la simu. Muulizane kwanza kwenu. Kuna mazishi aliruka? Kuna nyumba alijenga kabla ya kaka yake? Chira, laana ya kuvunja mila, haitibiwi kwa bando.

SistaAwuor
Mzee, kiharusi mara nyingi ni presha. Tuheshimu mila bila kumchelewesha mtu kliniki.

NyarMbale, mimi ni muuguzi, wadi ya wagonjwa wa kiharusi nimekaa miaka. Hiyo yako inaitwa afasia. Ulimi hauna shida, ni ubongo upande wa kushoto, pale maneno yanapopangwa, na ndiyo maana mkono wa kulia uliguswa pamoja. Mwaka 1861 daktari wa Paris, Paul Broca, alimpata mgonjwa aliyejibu kila swali "tan", mpaka watu wakamwita Tan. Alipokufa wakakuta kidonda mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Wako amebakiwa na "kesho". Si kichaa na si ukaidi.

Sasa nijibu mawili. Anafundishwa kwa lugha gani? Na wiki tatu zilizopita kulitokea nini?

NyarMbale
Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Dada si Mjaluo, na mimi ni Mmaragoli, Kijaluo changu ni cha sokoni. Hakuna kilichotokea. Amechoka tu.

Na ukweli usemwe, ile programu nimeshailipia. Jana alikaa nayo dakika kumi bila kugeukia ukuta, kwa hivyo msiniambie haifai. Shida ni ndogo tu. Ilionyesha samaki, ya Kiingereza hiyo, inataka "fish", akajikaza, jasho likatoka, akasema "fis". Mimi nikapiga makofi. Simu ikaweka alama nyekundu, "jaribu tena". "Fis." Nyekundu. Mara ya nne akairudisha mezani kifudifudi.

OchiengSpana
Hahaha! Hiyo programu ikija Kondele itatutibu sote. Hata mimi ni mgonjwa wa fis tangu nizaliwe.

SistaAwuor
Ochieng anacheka lakini amegonga penyewe. Kijaluo hakina "sh". Mjaluo aliyesema "fis" miaka 54, akisema "fis" leo amepona hilo neno! Hizo programu nyingi zimefunzwa kwa sauti za wazungu wasio wagonjwa, haziwezi kutenganisha lafudhi na ugonjwa. Mtaalamu wa hapa hawezi kumkosoa kwa hilo.

Sisemi itupe. Ubongo uliojeruhiwa unataka kurudia neno mara mia, na hakuna mtu mwenye elfu mbili za kurudia mara mia. Hapo simu inafaa, iwe kazi ya nyumbani. Lakini maneno yachaguliwe na mtu anayemjua. Tafuta nduguye wa kukaa kwenye hiyo video atafsiri, dada aongoze kwa Kijaluo. Halafu mjaribu wimbo wa kanisani. Mtu asiyeweza kusema jina lake anaweza kuimba ubeti mzima, na kuna tiba imejengwa juu ya hilo tangu miaka ya 1970.

Ila wiki tatu zilizopita hujanijibu. Mgonjwa aliyekuwa anapanda haangushi maneno matatu kwa kuchoka.

JikoLaMaseno
Jamani mwenye kujua bei ya kukata ule utando wa chini ya ulimi kwa mtoto anisaidie. Samahani kuingilia.

NyarMbale
Sista umenibana. Basi.

Mume wangu ni MC. Harusi na matanga, kuanzia hapa mpaka Bondo, sauti yake ndiyo shamba letu. Mama yake yuko Ugenya, ana miaka 81, presha yake daktari alisema asishtuliwe. Hatukumwambia. Tulisema simu imeharibika, mara amesafiri, mara ana mafua. Mwishowe akaacha kula, anataka kusikia mwanawe.

Shemeji wangu ni kijana wa kompyuta. Simu yetu imejaa video za mzee akiongoza sherehe. Akachukua hizo sauti, akaziweka kwenye programu ya AI, ikatoka sauti yake. Si kufanana tu, ni yeye. Tukamtumia mama ujumbe kwa WhatsApp. Mama akala ugali siku hiyo. Niambieni, nyinyi mngefanya nini?

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunatayarisha mwingine. Mzee alikuwa sebuleni na uji wake. Shemeji akabonyeza tusikilize kabla ya kutuma. Mzee aliweka kikombe chini polepole, akageuka kuangalia mlangoni, aone ni nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Akatuangalia sisi. Akaangalia simu. Halafu akajishika koo.

Tangu siku hiyo ni ukuta.

SistaAwuor
Woi.

WakiliMdogo_Ksm
Umepewa idhini na nani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaja sauti ya kumtambulisha mtu pamoja na alama za vidole, hata umbo la ndewe la sikio. Ungemwuliza angalau kwa ishara. Kuelewa anaelewa, umesema mwenyewe.

MamaIbada
Uongo ni uongo dada, hata ukivaa sauti ya mume wako. Mwambie mama yake ukweli leo, uende naye kwa maombi.

BundiWaMilimani
Nyinyi mnalia bure. Hii ni hekaya, na si mpya. Kwanza, mama wa miaka 81 wa Ugenya anaongea Kijaluo. Nionyesheni programu inayosoma Kijaluo bila kusikika kama mmishonari aliyeshuka meli jana. Pili, Ugenya ambayo mtu akikohoa Ukwala wanajua Sega, mama mzazi akose kuambiwa miezi minne? Tatu, nimepitia nyuzi zake. Wiki mbili zilizopita, upande wa biashara, aliuliza: "tangazo la harusi kwa sauti, mtu hutoza ngapi?" Mke wa mgonjwa au mwuza sauti? Nadhani hata huu uzi umeandikwa na hiyo hiyo AI. "Akajishika koo." Tupe picha ya kreti basi.

OchiengSpana
Aah! Na mimi nilikuwa nimeshatoa chozi. Leta picha, mama.

Kahuria_Nax
Bundi kila uzi unaona hekaya, hata wangu wa ng'ombe ulisema ng'ombe hayupo.

BundiWaMilimani
Hakuwepo.

NyarMbale
Picha ya mgonjwa siweki. Kreti ni ya kijani, ikusaidie.

Kijaluo hakisomwi na programu. Shemeji anaongea mwenyewe kwa kinywa chake, programu inabadilisha sauti tu, inamvisha ya kakake. Maneno ya shemeji, koo la mzee. Lugha yoyote utakayoongea inapita.

Majirani wanajua, wote. Tumewaomba wasimwambie.

Na hiyo ya harusi ni mara moja. Watu walikuwa wameshatoa pesa za kwanza tangu mwezi wa pili, tukazitumia hospitali. Walitaka tangazo tu la kutuma kwa wageni, nikawapa. Sikusema ni yeye, sikusema si yeye. Elfu mbili za dada wa Nairobi mlidhani zinatoka wapi? Sauti yake inalipia kurudi kwa sauti yake. Sioni kosa, na kama ni kosa nitalibeba mimi.

WakiliMdogo_Ksm
Mama, usiandike tena hilo hapa.

Kahuria_Nax
Kama majirani wote wanajua, huyo nyanya anajua. Mimi nimekulia kijijini. Anawaigizia nyinyi, si nyinyi mnamwigizia yeye. Ujumbe wa mwisho alijibu nini?

NyarMbale
Alimwomba amwite lile jina alilokuwa akimwita akiwa mdogo. Shemeji halijui, yeye ndiye kitinda mimba. Tumeuliza dada zao, kila mmoja ana lake. Ujumbe uko pale, haujajibiwa, siku kumi na tisa.

BundiWaMilimani
Sawa. Hilo hata mimi singeweza kulitunga. Nabaki na shaka ya tangazo.

SistaAwuor
Nyanya anawapima. Na amekuletea zoezi bure. Hilo jina liko kwa mtu mmoja tu, na ni la utotoni, la Kijaluo. Achana na fis. Mwekee mzee ule ujumbe wa mama yake asikie mwenyewe, sauti ya mama, si ya simu. Mtaalamu awe kwenye video, shemeji awe chumbani. Usimsukume. Lakini kwanza zima ile nyingine, mbele yake, aone ukizima.

MzeeWaMila
Hapo nakubaliana na sista. Mama aitwe.

NyarMbale
Sista naogopa. Akishindwa je? Na nikizima, mama tutamwambia nini Jumapili?

NyarMbale
Nimerudi. Shemeji alikuja jioni, tukawa tunabishana jikoni kwa sauti ya chini kama kuzima au kutuma mmoja wa mwisho. Mzee alisimama mlangoni, sijui amesimama hapo tangu lini, mkono mmoja kwa fremu. Akasema "ooyo", hapana kwa Kijaluo. Wazi, kama mtu mzima. Hilo neno sijalisikia kwake tangu mwezi wa tatu, na dada wa Nairobi hakumfundisha.

Shemeji anasema ni hapana kwa ile sauti ya simu. Mimi nadhani ni hapana kwangu mimi. Tumemwuliza, amesema kesho.

JikoLaMaseno
Pole dada. Samahani, kwa video unatumia bando gani, la saa au la siku?