Mrejesho: faili la YAML la pampu ya maji, Shela

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Niliuliza namna ya kuandika faili la YAML (maandishi ya mipangilio ambayo kompyuta huyasoma) ili Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, iwashe pampu ya kisima na kujaza tangi la juu kila jioni, hapa kwenye nyumba ya wageni Shela, Lamu. Sasa maji yanapanda yenyewe.

Aliyenifafanulia habari ya nafasi, Mungu ambariki. Mpangilio wote unashikwa na nafasi za mwanzo wa mstari. Mimi naweka mbili mbili. Kitufe cha Tab hakikubaliwi hapo kabisa. Kistari huanzisha kipengele cha orodha, na baada ya nukta mbili uache nafasi.

Lakini kubwa lilikuwa saa. Ukiandika 18:30 bila alama za kunukuu, kisomaji cha YAML toleo la 1.1 huihesabu kwa sitini-sitini (18 × 60 + 30), kikapata 1110! Ndiyo maana faili lilikuwa linakataliwa. Andika "18:30:00", nayo itabaki saa kumi na mbili na nusu jioni. Hata on na off (washa na zima) zifungieni alama hizo, la sivyo husomwa kama kweli na si kweli.

Kimebaki kipimo cha kina cha maji tangini. Nikishakiunga nitawaletea faili zima, inshallah.