Uhakiki wa gemu la mikakati uandikwe baada ya kucheza kiasi gani?

Mpimaji_Ipagala aliuliza:

Mbukwenyi wadau.

Nina jambo linaninyima raha tangu wiki iliyopita. Naomba mawazo ya wanaocheza magemu ya mikakati kwa kuyapenda.

Mimi ni mpimaji ardhi, naishi Ipagala hapa Dodoma. Mchana ni vigingi, jua na vumbi. Usiku nikishaoga na kula nafungua laptopu. Ni miaka minne sasa naandika uhakiki wa magemu kwa Kiswahili kwenye kundi letu la watu kama thelathini, maana tunaoandikiana haya kwa lugha yetu ni wachache. Ninalolicheza zaidi ni Civilization VI, gemu la kukuza taifa zamu kwa zamu, na kupenda kwangu kumetokana na kazi. Tangu lilipotoka mwaka 2016, mji wake haurundikwi mahali pamoja. Kila mtaa unachukua kipande chake cha ardhi. Mtaa wa elimu ukiuweka ubavuni mwa milima unaongeza sayansi, mtaa wa soko ukiuweka kando ya mto unaongeza dhahabu 2 kila zamu, na ukishajengwa huwezi kuuhamisha tena. Aliyewahi kugawa viwanja akakuta mtu amejenga juu ya njia ya maji atanielewa.

Sasa, mwezi wa tano niliandika kuhusu taifa la Mali la Mansa Musa, lililokuja na nyongeza ya Gathering Storm ya mwaka 2019. Nilikuwa nimecheza jioni tatu, kama saa sita hivi. Nikaandika kwamba Mali ni dhaifu na mwenye hela ya nyongeza hiyo aitunze. Sababu zangu hazikuwa za uongo. Migodi ya Mali inapunguziwa uzalishaji kwa 1, na ukitengeneza jengo au kikosi, uzalishaji wako unakatwa asilimia 30. Nilikaa zamu kwa zamu nasubiri kikosi kimoja tu cha wapiganaji, na huku nje skauti wa washambuliaji wa porini ameshauona mji, alama nyekundu ya mshangao kichwani, anakimbilia kambini kuita wenzake. Walipokuja walowezi wangu walitekwa hatua mbili kutoka mjini. Zamu ya 70 nikafunga, nikaandika nikiwa na hasira bado.

Wiki mbili zilizopita baba mdogo alikuja kutoka Mvumi kwa ajili ya matibabu, akafikia kwangu. Yeye ni mtu wa bao, bao la kete sitini na nne, siyo la kupoteza muda. Usiku mmoja akavuta kiti, akaniuliza hiki ninachokikodolea macho ni nini. Nikafungua Mali ileile niliyoiacha, nikamweleza: hawa watu wangu, wale maadui, hizi ni zamu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya juu ya kioo, pale panapoandikwa akiba ya dhahabu. Ilikuwa imevuka 900.

"Hii ni mali yako?"

"Ndiyo, baba."

"Inanunua jeshi?"

"Inanunua."

"Sasa mwanangu, nyumba yako imejaa kete, mbona husafiri?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwenye bao, nyumba ni shimo unalorundika kete, na kusafiri ni kuzitoa humo na kuzisambaza. Niliyaona makato ya asilimia 30 nikaacha kusoma hapohapo. Kumbe mgodi uleule unaopoteza uzalishaji wa 1 unaleta dhahabu 4. Mtaa wao wa soko, uitwao Suguba, unapunguza asilimia 20 ya bei ya vikosi, majengo na hata mitaa unayoinunua. Mji uliozungukwa na jangwa unapata chakula na imani kwa kila kipande cha jangwa kilichougusa. Mimi mtu wa Dodoma, niliyekulia kwenye ardhi ambayo mvua yake unaisubiri miezi saba, nimepewa taifa linalokula kutokana na ukame, nami nikakimbilia kutafuta mbuga za kijani kama wengine wote!

Nilirudia tangu mwanzo, nikanunua badala ya kujenga. Lilikuwa gemu jingine kabisa.

Kinachoniuma ni kijana mmoja wa Kondoa aliyeniandikia mwezi wa sita kwamba alikuwa ameweka akiba ya nyongeza ile, akaacha baada ya kusoma maneno yangu. Akanishukuru.

Swali langu: ninyi mnaona mtu afike wapi ndipo awe na haki ya kutoa hukumu? Saa ishirini? Mpaka amalize? Gemu la mwendo wa kawaida lina zamu 500. Nikisubiri kumaliza kila kitu nitaandika hakiki mbili kwa mwaka.

Mzee_wa_Kete alijibu:

Kaka Mpimaji, msalimie sana huyo baba yako mdogo. Neno lake limebeba jibu lako.

Usihesabu saa. Hesabu hatua. Bao la Kiswahili unaanza na kete 22 mkononi, unaziingiza moja moja, hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji, na hapo mchezo unageuka kabisa, kwa sababu sasa kila unachofanya unakitoa kwenye mashimo yako mwenyewe. Nimeona watu wanatamba kwenye namua nzima, nyumba imenona, halafu mtaji unaanza na zamu ya tatu hawana pa kushika. Wewe uliinuka kwenye mkeka bado una kete mkononi, ukaenda kusimulia mtaani bao lilivyo.

Kwa hiyo kila gemu jiulize: mtaji wake unaanzia wapi? Kwa Mali naona ni pale Suguba inapokamilika na dhahabu inaanza kufanya kazi ya nyundo. Hujafika hapo, usiandike. Ukishafika, hata kama hujamaliza, andika.

Ila nakupinga jambo moja. Hasira ya zamu ya 70 nayo ni habari. Msomaji wako naye atatekwa walowezi. Usiifute.

Binti_wa_Makulu alijibu:

Shikamooni wakubwa.

Mimi nipo mwaka wa pili chuoni, laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na betri inayokaa dakika arobaini. Naomba niseme la sisi wenye mashine za aina hii. Hakiki nyingi zinaandikwa kana kwamba wote tunafika mwisho kwa usawa. Kwangu Civilization zamu za mwanzo zinakwenda vizuri, lakini ramani ikishajaa miji, nabonyeza zamu inayofuata, naosha vyombo, narudi, bado kompyuta inawaza. Umeme ukikatika kabla sijahifadhi, kazi ya jioni nzima imekwenda. Kaka Mpimaji asipofika huko mwishoni, nani ataniambia? Kwa hiyo kwa gemu refu naona mwandishi afike angalau mahali panapoanza kuwa pazito, na ataje mashine aliyotumia.

Lakini siyo kila gemu ni refu. Into the Breach la mwaka 2018 linachezwa kwenye uwanja wa miraba 8 kwa 8, na shambulio la adui unaonyeshwa kabla halijatokea. Hapo kazi yako ni kufikiri tu: nimsukume huyu apige mwenzake, au nikubali jengo lianguke? Jioni moja inatosha kujua kama linakufaa. Na Battle for Wesnoth, ambalo ni la bure na kwangu halijawahi kukwama, nililielewa usiku ule nilipogundua kwamba kuna vikosi ambavyo nguvu ya pigo lao inaongezeka kwa asilimia 25 mchana na vingine usiku. Nilikuwa nashambulia maiti wanaotembea usiku wa manane nikilaumu bahati! Nikaanza kurudi nyuma giza likiingia, nikiwangoja kwenye milima mpaka jua lichomoze. Hilo nililijua ndani ya saa mbili, na ndilo ningelolitaja kwanza kwenye uhakiki.

Msafiri_Manyoni alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila mimi nataka kitu kingine kutoka kwako, Mpimaji. Nataka uandike ukiwa umekaa Dodoma.

Ile sentensi ya jangwa na mvua ya miezi saba ina uzito kuliko zile asilimia. Mimi nilicheza Kilwa kwenye Europa Universalis IV mara tatu. Gemu linaanza tarehe 11 Novemba 1444, na tunajua Wareno waliishambulia Kilwa mwaka 1505. Kila nilichofanya nilikifanya nikiwa na hofu ya ile miaka sitini. Mchezaji wa kwingine anaweza kuichukua Kilwa kama bandari mojawapo tu. Mimi nilikuwa nasubiri merikebu.

Sasa fikiria misafara. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo hapa, nchi kavu, na watemi walitoza hongo: nguo, shanga, waya. Ukitaka kupita na kunywa maji, unalipa. Walikuwa wanatumia mahali walipo, kama wewe na mitaa yako. Kwenye Civilization VI msafara wa mgeni ukipita karibu yako, unauacha upite au unaupora mkiwa vitani. Kutoza haiwezekani. Uhakiki ukisema hivyo, mtu wa hapa atausoma mpaka mwisho.

Halafu mbona hukutaja Zanzibar? Ipo humo kama mji-dola. Ukiwa na wajumbe wengi kuliko wengine unapata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huzipati kwa njia nyingine yoyote, na kila moja inatuliza wananchi kwa pointi 6. Mimi nikiiona kwenye ramani naacha kila kitu.

Mpimaji_Ipagala alijibu:

Marahaba, Binti wa Makulu. Asanteni wote, nimesoma mara mbili.

Mzee wa Kete, nimekubali kuhesabu hatua. Ule uhakiki wa mwezi wa tano sitaufuta. Nitaandika juu yake kwamba niliishia zamu ya 70 bila Suguba hata moja, kisha mpya ufuate chini yake, ili mtu aone nilipokosea.

Binti, mashine yangu ina RAM ya GB 8. Jana nilipima kwa saa ya simu: zamu ya 30 nilingoja sekunde sita, zamu ya 180 sekunde thelathini na nane, ramani ya ukubwa wa kati. Kuanzia sasa vipimo hivyo vitakuwemo kila ninapoandika. Ni aibu mpimaji kusahau kupima.

Msafiri, hongo sikuwahi kuifikiria, na nimeshapima viwanja upande wa Bahi mara nyingi. Zanzibar sikuitaja kwa sababu kwenye ramani zangu mbili haikutokea. Ningeiona ningepeleka wajumbe wote.

Kijana wa Kondoa nimempigia leo asubuhi, nikamwambia wazi kwamba niliandika kabla ya wakati. Akauliza kama bado naiona dhaifu. Nikamwambia asinunue kwanza, aje hapa Jumamosi akikaribia Dodoma, acheze kwenye laptopu yangu mwenyewe mpaka apate Suguba ya kwanza. Amekubali.

Baba mdogo amesharudi Mvumi. Kabla ya kupanda gari aliniuliza kama nimeshasafiri. Nilimwonyesha: dhahabu 40 zimebaki, vikosi vinne vipya vimesimama mlangoni, mji wa tatu ukiwa katikati ya jangwa. Akaangalia, akauliza mpinzani ana kete ngapi. Sikujua. Sikuwa nimetuma skauti upande ule. Usiku huu natuma.