Mrejesho: vipele vya kidevu cha Simba

Nimerudi, na asanteni sana kwa kunishika mkono. Kwa ambao hawakuwepo: niliuliza kuhusu Simba, mbwa wangu wa aina ya Boxer, wa miezi 9, aliyeota vipele vyekundu kidevuni na kwenye mdomo wa chini, vingine vikitoa usaha.

Nilivuka feri kutoka Likoni, hapa Mombasa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimkwangua ngozi kidogo, akaangalia kwa hadubini, hakuona utitiri. Akasema ni chunusi za mbwa, huwapata sana wachanga wenye manyoya mafupi: vinyweleo hukatikia ndani ya ngozi, panavimba, kisha bakteria huingia.

Kosa langu lilikuwa kuvikamua. Nilidhani namsaidia, kumbe nilikuwa nasukuma uchafu ndani zaidi. Naumia nikikumbuka alivyokuwa akirudisha kichwa nyuma.

Sasa namfuta kwa pamba yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, asubuhi na jioni, kwa kugusia tu, bila kusugua, halafu namkausha. Joto letu na unyevu huu, ukimwacha na mate kidevuni umejitafutia kazi upya. Bakuli la plastiki lililojaa mikwaruzo nimelitupa, anakulia la chuma, na naliosha kila siku. Antibiotiki alizoandikiwa bado anameza. Nimeambiwa nisikatishe hata ngozi ikionekana safi.

Wiki ya tatu hii. Usaha umekwisha, yamebaki madoa mawili meusi, na jana aliniwekea kidevu gotini mwenyewe.