Mrejesho: Msamiati mgumu wa Kiingereza kwa ajili ya IELTS

Ndugu zangu, niliomba ushauri hapa kuhusu kujifunza maneno magumu ya Kiingereza kabla ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, kwa kuwa niliyokariri kutoka kwenye kamusi yalikuwa yakinitoka upesi. Nawashukuru wote mlionijibu.

Nilifuata kwanza ushauri wa kuiweka kamusi kando na kuanza na orodha ya maneno ya kitaaluma ya mtafiti wa msamiati Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo), zilizogawanywa katika makundi 10 kuanzia yanayotumika zaidi. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kadi za kurudiwa kwa vipindi vinavyorefuka, hasa baada ya mmoja wenu kusisitiza kwamba nyuma ya kadi niandike sentensi nzima badala ya maana peke yake. Mizizi ya Kilatini husaidia kukisia, ila ina mitego: "mal" huashiria ubaya, lakini "malleable" (kinachofinyangika) limetokana na neno la Kilatini la nyundo na halihusiani na ubaya wowote.

Alama za kusoma zimepanda hadi nilipotaka. Za kuandika hazikusogea, ingawa msamiati hubeba robo ya alama za sehemu hiyo, kwa sababu kulielewa neno hakukunifundisha linaandamana na maneno gani. Aliyependekeza nikariri visawe kwa mkupuo anisamehe, njia hiyo haikunifaa hata kidogo. Kwa sasa kila kadi mpya naiandikia kitenzi au kivumishi kinachoandamana na neno husika, nikijiandaa kurudia mtihani.